Kliniki watuambie na kuhusu mate ya watoto

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mwanangu wa pili ana miaka mitatu, sikio la kushoto halisikii kabisa na la kulia linasikia kwa mbali. Alizaliwa mzima, mlango ukijibamiza anashtuka. Alipofika mwaka na nusu hivi, siku moja kifuniko cha sufuria kikanidondoka nyuma yake jikoni, dada yake karuka, yeye anaendelea na vijiko vyake hata hakugeuka. Watu wakasema mtundu tu huyo, wengine eti watoto wa kiume wanachelewa.

Daktari wa masikio akasema inawezekana ni virusi vya saitomegalo, ila kuthibitisha tumeshachelewa, mtoto anatakiwa apimwe mkojo au mate ndani ya siku 21 toka azaliwe, ikipita hapo hujui alivipata tumboni au baadae. Hilo jina nilikuwa sijawahi kulisikia!

Nimeuliza nimesoma, kumbe wengi wetu tunavyo toka utotoni na vinakaa mwilini maisha yote bila kukuumiza, shida ni kwa wenye kinga iliyoshuka sana na kwa mimba, kwasababu hata kama ulikuwa navyo zamani vinaweza kuamka au ukapata vya aina nyingine vikamfikia mtoto. Wengi wanaozaliwa navyo hawadhuriki, ila wapo ambao masikio yanakufa polepole.

Na vinatoka kwenye mate na mkojo wa watoto wadogo, miezi na miezi. Mimi na mimba yangu nilikuwa namalizia uji wa dada yake kwa kijiko kilekile, chuchu ya chupa ikidondoka naifyonza kwanza ndio nampa. Mama gani hafanyi hivyo?

Kliniki sikukosa hata moja, nikapimwa VVU, kaswende, wingi wa damu, nikapewa chandarua, hili hakuna aliyeligusia. Sidai kila mjamzito apimwe, naomba dakika mbili tu pale kwenye benchi: ukitoka kubadilisha nepi nawa kwa sabuni, usimalizie chakula cha mtoto, mbusu kwenye paji la uso siyo mdomoni. Na kichanga mwenye dalili, kama kichwa kidogo, apimwe kabla ya hizo siku 21 maana dawa ipo na inatakiwa ianze mapema. Jimbo la Minnesota kule Marekani toka 2023 wanapima kila kichanga.

Mhariri kama una daktari anayeandika gazetini kwako, mwombe alieleze hili vizuri kuliko mimi.

Mama wa watoto wawili, Tanga