Riwaya yangu niiuze kwa bei gani?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Wete, Pemba, na nimemaliza riwaya ya kurasa 180 kuhusu msimu wa mchumo wa karafuu. Kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kulipia uchapaji, naiuza kwa WhatsApp: mnunuzi hunitumia pesa kwa simu, nami humrushia faili.

Tatizo langu ni bei. Nilianza na shilingi 10,000, na siku ya pili tu mama mmoja wa Chake Chake, ninayemheshimu kama shangazi yangu, akanitumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, elfu kumi kwa kitu nisichoweza hata kukishika?" Nikaishusha hadi 3,000. Wanunuzi waliongezeka kidogo, lakini waliotangulia walinung'unika, na mmoja akadai arejeshewe 7,000 zake. Nilimrejeshea, kwa kuwa tunasali msikiti mmoja.

Mchumaji wa karafuu hulipwa kwa pishi alizochuma. Mimi miaka miwili ya kuandika usiku sijui niipime kwa pishi gani. Rafiki yangu ananishauri niipeleke Amazon, lile duka la mtandaoni. Huko kitabu cha dola 0.99 humpatia mwandishi asilimia 35, yaani senti 35 hivi, ilhali chenye bei kati ya dola 2.99 na 9.99 kinaweza kumpatia asilimia 70 kikinunuliwa katika nchi zilizomo kwenye orodha yao, kasoro ada ndogo ya kukipakua. Kwa hiyo anayeuza kwa dola 0.99 hulazimika kuuza karibu nakala sita ili apate alichokipata mwenzake wa dola 2.99 kwa nakala moja. Hesabu hiyo inanivutia, ila wanafunzi, ambao hasa ndio niliowaandikia, hawana kadi ya benki ya kununulia mtandaoni.

Halafu wako jamaa zetu wa Muscat na London, ambao 10,000 kwao haizidi bei ya kahawa. Je, ni haki niwatoze hiyo 10,000, na wa hapa 3,000, hali faili ni lile lile? Mke wangu anaiita dhulma. Mimi naona si dhulma maadamu bei zote mbili nimezitangaza wazi, lakini naogopa wa hapa watawarushia wa huko bure. Na kama mtaniambia niweke bei moja, iwe ipi, ili nisije nikaibadilisha tena na kurejesha pesa za watu?

Ndimi msomaji wenu,
Wete, Pemba