Simu yangu haijazeeka, kurasa ndizo zilizonenepa

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu kuchagua simu mpya nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi. Msinichukie, nimefasiri hati za watu kwa miaka 28 na mazoea yana taabu. Mwandishi wenu ameanza kwa kumuuliza msomaji kama simu yake imekuwa nzito, kisha bila kungoja jibu akatumbukia kwenye megapikseli, memori na ukubwa wa betri. Mimi naomba nirudi kwenye swali lile la mwanzo, kwa sababu kwangu ndilo lililokuwa swali.

Simu yangu ina miaka sita. Kioo kina ufa kwenye kona, mwembamba kama unywele, na betri ilikuwa ikifika alasiri inahema. Binti yangu aliishika siku moja asome habari, ukurasa ukawa unaruka wenyewe juu na chini, akigusa kichwa hiki kinafunguka kingine. Akanirudishia kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi maiti.

"Baba, hii tuizike tu."

Nikakubali. Jioni ile ile nikaanza kusaka simu mpya, na chombo cha kusakia kikawa simu ile ile ya kuzikwa.

Duka la kwanza la mtandaoni nililofungua lilikuwa na bango juu lisilobanduka, bango jingine chini la kuomba ruhusa ya vidakuzi, kiduara cha "zungumza nasi" upande wa kulia, na katikati kisanduku kinachotaka barua pepe yangu kabla sijaona hata picha ya simu. Nafasi iliyobaki ya kusomea ilikuwa upana wa vidole vitatu. Kioo ni changu, lakini wapangaji walikuwa wamejaa hadi barazani.

Hapo nikakumbuka ujanja wa zamani niliowahi kuonyeshwa kwenye kompyuta. Alamisho ya kivinjari kwa kawaida hubeba anwani ya ukurasa. Ukiihariri, ukafuta anwani na kuandika badala yake neno javascript, nukta mbili, halafu amri, basi siku ukiiita kivinjari hakiendi popote. Kinatekeleza amri hiyo papo hapo juu ya ukurasa ulio mbele yako. Vijana huita maandishi haya "kodi", neno ambalo kila nikilisikia naiona kodi ya nyumba, kwa hiyo mimi nasema amri. Lugha yenyewe ya kuandikia amri za kurasa, JavaScript, iliundwa na Brendan Eich akiwa Netscape mwaka 1995, na inajulikana kwamba toleo la kwanza lilimchukua siku 10. Ukishaitumia kidogo huoni ajabu.

Amri yangu ni fupi. Inapita kwenye kila kitu kilichomo ukurasani, kimoja kimoja, na kuuliza kimewekwaje. Chochote kilichogandishwa mahali pamoja, yaani kile ambacho mtengenezaji amekiandikia fixed au sticky, kinaondolewa. Mstari mwingine unafungua kufuli la kusogeza, maana kurasa nyingi hukufungia usishuke mpaka ukubali masharti yao. Jumla mistari mitano. Nimeipa jina Fagio.

Kuiandika haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuiita. Kwenye Chrome ya Android nilikuwa naingia kwenye orodha ya alamisho, naigusa, na hakuna kinachotokea. Nilipoteza jioni nzima nikidhani nimekosea mabano. Kumbe hapo haiitwi hivyo. Unabaki ndani ya ukurasa unaotaka kuusafisha, unagusa sehemu ya anwani pale juu, unaandika jina la alamisho, nami nikifika "fag" tu inajitokeza kwenye mapendekezo ikiwa na alama yake ya nyota, unaigusa hapo. Mara ya kwanza ilipokubali, mabango yote yalitoweka kwa mpigo na nikabaki nimeduwaa mbele ya aya tupu, safi, zinazosomeka. Kweli, Fagio halichagui; liliondoka pia na menyu na kisanduku cha kutafutia. Ukiufungua ukurasa upya vinarudi vyote, wema na wabaya.

Kuna kosa moja nililofanya ambalo nadhani litawakuta wengine. Nilitaka amri ya pili, ya kuugeuza ukurasa uwe kama karatasi ya kuandikia, nifute aya nisizozihitaji kabla ya kuchapa. Amri hiyo ni document.designMode='on', na nikaiweka hivyo hivyo kwenye alamisho. Nikaiita. Ukurasa wote ukafutika, juu kabisa kukabaki neno moja dogo: on. Nilidhani nimeharibu kitu cha watu. Sababu ni kwamba amri ikimaliza kazi na kutoa jibu la maandishi, kivinjari hulichukua jibu hilo na kulifanya ndio ukurasa mpya. Dawa yake ni kuitia amri ndani ya mabano na kutanguliza neno void, ambalo humeza jibu.

Sasa, uzito. Nilichukua tovuti moja ya habari ninayoisoma kila asubuhi, nikaipima kwa saa ya mkononi kutoka kugusa hadi kuweza kushuka bila kukwama. Sekunde 14. Halafu nikaingia kwenye mipangilio ya tovuti ndani ya kivinjari, nikaizuia tovuti hiyo moja isitumie JavaScript kabisa. Sekunde 2, simu ile ile, intaneti ile ile, kiti kile kile. Picha chache hazikutokea na video hazikucheza, lakini habari nilisoma mpaka mwisho na ukurasa haukuruka hata mara moja. Tovuti hiyo ilikuwa ikiipa simu yangu mizigo ya kubeba, mingi yake ya kunifuatilia na kuniuzia vitu, na mimi nilikuwa naidhihaki simu kwa kutokwa jasho.

Sisemi kila uzito ni wa kurasa. Hifadhi ikijaa simu hulegea, na betri iliyochoka ni betri iliyochoka. Ila kipimo hiki hakichukui dakika tano na hakina gharama, na mtu akikifanya kabla ya kununua atajua anakimbia nini.

Kwenye duka lile, chini ya simu niliyokuwa nimeitamani, palikuwa na saa inayorudi nyuma: ofa inakwisha baada ya dakika 14 na sekunde 59. Pembeni yake, watu 23 wanaitazama simu hii sasa hivi. Nakiri moyo ulinienda mbio. Nilishaanza kuitafuta pochi. Kisha nikaufungua ukurasa upya kwa bahati mbaya tu, na saa ikaanza tena, 14:59. Nikahamia kwenye kompyuta, nikafungua zana za watengenezaji ambazo kila kivinjari kikubwa cha kompyuta kinazo, nikatafuta inakotoka ile saa. Haikutoka kwenye duka, wala kwenye ghala, wala kwa binadamu yeyote. Palikuwa na namba 900 na amri setInterval inayopunguza moja kila milisekunde 1000. Sekunde 900 ni dakika 15, na kila mgeni anaanzishiwa zake. Watazamaji je? Math.random, yaani namba ya kubahatisha, mara 20, jumlisha 11. Kete. Walikuwa 23 kwa sababu kete ilianguka 23. Nilipofungua tena walikuwa 17, na wala sikujua wale sita wamekwenda wapi. Haraka yote niliyokuwa nayo ilikuwa imeandikwa kwenye mistari miwili.

Binti yangu aliposikia hivyo akaleta simu yake mpya, tuzipambanishe. Tukauliza vivinjari vyote viwili maswali yale yale. Kioo changu kina pikseli 720 kwa upana, chake 1080, na makala yenu iliisifu sana tofauti hiyo. Lakini thamani ya devicePixelRatio, yaani pikseli ngapi za kioo kwa upana huhesabiwa kuwa moja ya ukurasa, kwangu ilikuwa 2 na kwake 3. Gawanya, mnapata 360 kwa 360. Maana yake ukurasa unapangwa kwa upana ule ule, mstari unabeba maneno yale yale. Herufi zake zimekolea zaidi, sikatai, hasa zile ndogo. Ila hasomi hata neno moja zaidi yangu. Tukauliza navigator.userAgent, yaani kivinjari kinajitambulishaje kwa tovuti, na Chrome zote mbili zikajibu "Android 10, K". Yangu kweli ni Android 10. Yake ni mpya zaidi kwa matoleo kadhaa. Tangu mwaka 2023 Chrome ya Android hutoa jibu hilo moja kwa kila simu, ili tovuti zisikutambue kwa modeli yako. Binti akacheka, akasema kumbe mbele ya kivinjari sisi ni marika.

Mahali tusipokuwa marika ni pengine, na hapo ndipo kalamu yangu nyekundu ilipobonyea karatasi. Mwezi Agosti 2025 Chrome 139 ilitoka ikihitaji Android 10 kwenda juu. Simu za Android 8 na 9 ziliishia toleo la 138, na kuanzia hapo kila tundu jipya la usalama linalogunduliwa linabaki wazi kwao. Mimi nimesimama kizingitini; wakikisogeza tena, ni zamu yangu. Hicho ndicho kinachoifisha simu nzima wakati kioo bado kinawaka, nanyi hamkukigusa kwa mstari hata mmoja. Google ilipotoa Pixel 8 mwaka 2023 iliahidi masasisho ya miaka 7, na Samsung ikafuata na Galaxy S24 mwaka 2024 kwa ahadi ya miaka 7 pia. Kampuni nyingine huahidi michache zaidi, hasa kwa simu za bei ya chini. Na kwa kawaida hesabu huanza siku modeli ilipoingia sokoni. Siku uliyoinunua haihesabiwi. Simu iliyoahidiwa miaka 4, iliyokaa kabatini miaka 2 ikingoja punguzo, imebakiza 2 tu, na punguzo lenyewe limekwishalipwa na wewe. Ile niliyokuwa nimeitamani, yenye watazamaji wa kete, ilikuwa hivyo hasa.

La pili ambalo ningelitazama, ingawa naelewa si la kila mtu, ni kama kivinjari cha simu kinapokea viendelezi, yaani programu ndogo za kukiongezea uwezo. Chrome ya Android haipokei. Firefox ya Android iliwafungulia mlango watengenezaji wote Desemba 2023, na Safari ya iPhone inavikubali tangu iOS 15 ya mwaka 2021. Kwa kiendelezi kama Tampermonkey au Violentmonkey, Fagio linajifanyia kazi lenyewe kila ukurasa unapofunguka, na mzee kama mimi hana haja ya kuandika "fag" mara 30 kwa siku.

Lakini tafadhali, Mhariri, mkichapa barua hii msilitoe onyo hili. Asije mtu akabandika amri aliyotumiwa na mwingine. Amri inayokaa ndani ya ukurasa inaona kila unachokiona na zaidi. Nilijaribu kwenye ukurasa wa kuingilia barua pepe yangu: nilibadilisha neno moja tu, kutoka password kuwa text, na vile vitone vyeusi vya nywila vikageuka herufi, kila mtu mezani akaisoma. Imenibidi niibadilishe. Ndiyo maana ukibandika amri kwenye sehemu ya anwani, vivinjari vingi hulikata lile neno la mwanzo, javascript, kabla hujaweza kujidhuru. Kama huwezi kusoma amri na kueleza kila mstari unafanya nini, iache. Mitano ya kwangu naijua kwa majina.

Simu sijanunua. Nimebadilisha betri, nimeondoa video za zamani, na Fagio linafanya kazi. Nitanunua kabla ya Android 10 haijafungiwa nje, na nitaanza kwa kuuliza mwaka wa mwisho wa masasisho kabla sijauliza kamera. Binti yangu ana maoni yake.

"Baba, umekaa wiki tatu unaandika mistari mitano ili usinunue simu."

"Sita," nikamwambia. Wa sita nimeuongeza juzi, unahesabu vitu vilivyofagiliwa na kunitajia idadi.

Na hapa nina ombi la mwisho. Makala yenu niliisoma kwanza kwenye simu, ndiyo ile mara ya kwanza niliyoitaja. Fagio lilitaja 9. Cha tatu kilikuwa tangazo la simu, na cha saba kilikuwa bango la chini ambalo lilikuwa limeifunika aya yenu ya mwisho yote. Aya hiyo ndiyo iliyosema kwamba kurasa zikifunguka polepole ni dalili simu imefika umri wa kubadilishwa. Naomba mlitazame hilo bango.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mfasiri