Risala ya vijana wa vyuma na vitara, Lamu: kufuzu ni nauli pia

Mheshimiwa mgeni rasmi mama yetu, mwalimu mkuu uliyetupa uwanja wako, maustadhi, wazee wetu wa Mkomani na Langoni, akina mama, na nyinyi vijana ambao tunajua mmekuja kwa ajili ya biriani, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwanza shukran sana mama kwa kuja. Bahari ya kusi tunaijua, kutoka Mokowe mpaka jeti ya hapa mtu analowa kuanzia mtandio mpaka viatu, na wewe umekuja mwenyewe wala hukutuma mwakilishi, hilo peke yake tumeshaliandika kwenye kitabu chetu.

Mama, sisi ni vijana wa hapahapa kisiwani, wavulana kwa wasichana, tunafanya michezo miwili ambayo watu wanaona haina undugu, kunyanyua vyuma na vitara, yaani ule mchezo wa kupambana kwa panga nyembamba, fensing. Na kweli haina undugu. Ni vile tulikuwa na chumba kimoja tu, tukagawana zamu, wa vyuma baada ya alfajiri na wa vitara baada ya laasiri, mwisho wake tukajikuta tunachanga pesa pamoja na kugombana pamoja, basi tukawa kikundi. Leo tumekuita kwa sababu baadhi yetu wanakwenda Nairobi kwenye mchujo wa taifa, na kabla hawajaondoka tulitaka usikie kutoka kwetu hii safari ya kufuzu ikoje, maanake tukiiacha ielezewe na watu wengine utaambiwa ni vijana wanataka kwenda kutembea.

Watu wakisikia fulani amefuzu Olimpiki wanadhani ni misuli tu, yaani umewashinda wenzako basi unapewa tiketi ya ndege. Wapi! Chukua vyuma. Mashindano yenyewe hata mtoto anayaelewa, kuna snachi, chuma kinatoka chini mpaka juu ya kichwa kwa mvuto mmoja, na kuna klini na jeki, hapo unakipumzisha mabegani kwanza halafu ndio unakisukuma juu, kila moja una majaribio matatu, inachukuliwa bora ya huku na bora ya kule zinajumlishwa. Marefa ni watatu, taa nyeupe mbili umepita, nyekundu mbili umekosa. Na ukikosa snachi zote tatu huna jumla, hata klini na jeki yako iwe ya kutisha namna gani umerudi nyumbani mikono mitupu. Hayo ni ya jukwaani na hayo vijana wetu wanayaweza.

Shida ni kufika huko jukwaani. Paris 2024 mchezo wa vyuma ulipewa nafasi 120 dunia nzima, wanaume 60 wanawake 60, na Rio 2016 zilikuwa 260, zimekatwa zaidi ya nusu na aibu ya madawa ya kuongeza nguvu imechangia sana hapo, tutalisema mbele. Sasa ili jina lako lihesabiwe ilikuwa lazima uwe umeshiriki mashindano ya dunia Riyadh 2023, lazima uwe umeshiriki kombe la dunia Phuket kule Thailand 2024, na juu ya hayo mengine matatu katika yale waliyoyataja, ndipo jumla yako bora inaingia kwenye orodha na wanachukuliwa kumi wa juu wa kila daraja la uzani, halafu vinabaki viti vichache vya mabara na vya mwenyeji. Kwa hivyo mama, hapa Langoni anaweza kuwepo kijana ananyanyua kuliko mtu aliyeko kwenye ile orodha, wallahi inawezekana, lakini kama hakukanyaga Riyadh wala Phuket yeye hayupo. Kilo zake za hapa kisiwani haziandikwi popote. Na safari ya Riyadh haianzii uwanja wa ndege, inaanzia kwenye boti ya Mokowe, halafu basi, Witu, Garsen, vizuizi vya njiani, mpaka Nairobi kwenye mchujo ambao usipoonekana hakuna shirikisho litakalokujua.

Halafu kuna hilo la madaraja. Mashindano ya dunia ya kipindi kile yalikuwa na madaraja kumi kwa wanawake, Olimpiki ikachukua matano tu, 49, 59, 71, 81 na zaidi ya 81. Tuna binti hapa, hatumtaji atajificha nyuma ya mamake, ana kilo 55. Kwa hesabu ya Paris yeye angekuwa na kazi ya kushuka kilo sita au kupanda nne, na kupanda si kula mahamri na viazi vya karai, hapo unapanda tumbo, ni mayai na samaki na maharagwe kila siku ya Mungu na nyumbani wako wengine wanaokula sahani ileile. Los Angeles 2028 wameongeza madaraja yakawa 6 kwa 6 na mipaka ya kilo nayo imebadilishwa, kwa hivyo kila mtu anapiga hesabu upya.

Mama ulipoingia uliuliza kwa nini vijana wengi wamefunga bandeji vifundo vya mikono. Sasa jibu ni hili. Chuma halali cha wanaume kina kilo 20, cha wanawake kilo 15 na ni chembamba zaidi, milimita 25 badala ya 28, ili mkono ukishike vizuri. Zile ncha mbili zinazobeba sahani zinazunguka zenyewe, na hilo kwenye TV hulioni lakini ndio roho ya kazi, maanake ukishakivuta chuma unajitupa chini yake na viwiko vinageuka haraka sana, chuma kinatakiwa kigeuke mkononi bila zile sahani kukuvuta. Chetu sisi ni bomba la maji na makopo ya rangi tuliyoyamwagia saruji. Saruji haizunguki. Ukigeuza kiwiko kopo linataka kwenda kwake na kifundo chako kinalifuata. Tena hatuwezi kuangusha. Wenzetu wana sahani za mpira na jukwaa la mbao, akimaliza anaachia tu, puu, biashara imekwisha. Sisi ukiachia kopo linapasuka, sakafu ya watu inapasuka, na jirani wa ukuta wa pili, Mungu ampe umri mrefu kwa subira yake, chokaa inamdondokea kwenye chai. Basi kijana amenyanyua vizuri kabisa halafu analazimika kushusha polepole, na huko kushusha ndiko kunakowamaliza migongo. Nguvu zenyewe hazijapungua hata kidogo, baadhi yao wamelelewa na uchukuzi wa pale jeti, magunia ya saruji, boriti, mawe, mtu anaingia kikundini tayari ana mabega. Ila mchukuzi amezoea kubeba kwa mgongo na vyuma ni miguu na kasi, kumfundisha upya ni kazi ya subira.

Upande wa vitara nao. Tulipoanza wazee wawili watatu walicheka, ati mchezo wa Wazungu na nguo nyeupe, tukawauliza kwani kirumbizi ni nini? Si kila Maulidi hapa zumari inalia, watu wanazunguka, wawili wanaingia kati na fimbo, huyu anapiga na yule anakinga? Basi mwalimu wetu aliwachukua hao hao wa kirumbizi kwanza. Kukinga wanajua, jicho wanalo. Miguu ndio ilikuwa balaa, kwa sababu kirumbizi unamzunguka mwenzio na ni ngoma ya heshima hakuna anayehesabu, na vitara vinachezwa kwenye njia iliyonyooka, urefu mita 14 na upana mita moja na nusu mpaka mbili, mbele nyuma mbele nyuma basi. Wetu walikuwa wakianza tu wanazunguka, wanatoka nje ya mstari na kitara hewani.

Silaha ni tatu, foili, seba na epe. Sisi tumechagua epe, maanake ndiyo isiyohitaji refa wa kubishana naye nani alianza kushambulia, unaweza kumgusa mtu popote kuanzia kichwani mpaka kidole cha mguu, aliyetangulia kugusa kapata, na mkigusana ndani ya sehemu moja ya ishirini na tano ya sekunde mnapata wote wawili. Ncha ya kitara ina swichi ndogo, inatakiwa ibonyezwe kwa uzito wa gramu 750 ndipo taa iwake. Mashine yake ni ghali, kwa hivyo fundi simu mmoja wa mtaani ametuungia kengele ya mlangoni na taa mbili za rangi, inafanya kazi vizuri tu isipokuwa mtu akigongewa mlango nyumba ya jirani wote tunasimama. Barakoa za uso, zile zenye wavu wa chuma uliopimwa, tunazo mbili, kwa hivyo wanacheza wawili na waliobaki wanahesabu, na mwalimu hamruhusu mtu kuingia bila barakoa hata alie. Na hewa ya chumvi ya hapa haina huruma, kitara usipokipangusa na mafuta usiku mmoja tu asubuhi kina kutu.

Kufuzu kwa vitara kuna njia ya orodha ya dunia, hiyo ni ya watu wanaosafiri kombe la dunia mwaka mzima, sisi hatuizungumzii. Na kuna njia ya kanda. Nchi za Afrika ambazo hazijapata mtu kwenye silaha fulani zinakutana, kila nchi inaleta mmoja, na anayechukuliwa ni mmoja. Mmoja! Ndivyo alivyopita Alexandra Ndolo, huyu dada baba yake Mkenya, aliyechukua medali ya fedha ya dunia Cairo 2022 akiwa na bendera ya Ujerumani, halafu akaamua kuhamia Kenya na kushinda mashindano ya kanda Algiers 2024, akawa Mkenya wa kwanza kucheza vitara Olimpiki. Paris alitolewa mchezo wake wa kwanza na Mukreni, 13-12, na sisi siku ile tulipiga kelele mpaka mwenye duka akatufungia TV. Mama tafadhali liangalie hili kwa makini, kama kila nchi inaleta mmoja kwa silaha, basi mchujo wa Nairobi ndio mlango wenyewe, na mlangoni hapo wako wenzetu wa Tsavora, klabu ya vitara ya Mathare kulekule Nairobi, watoto wa mtaa kama sisi ambao wamefanya mazoezi na vifaa vya kweli na wanapanda matatu moja kufika. Hatuwaonei kijicho, wametusaidia hata kwa ushauri. Ila wao wakichelewa wamechelewa saa moja, sisi tukikosa basi tumekosa mchujo.

Afrika si wanyonge kwenye hii michezo, watu wasitudanganye. Paris Fares Ferjani wa Tunisia alipata fedha ya seba, Mohamed Elsayed wa Misri shaba ya epe. Na Sara Ahmed wa Misri, shaba ya vyuma Rio 2016, fedha Paris, jumla kilo 268, na amejisitiri kichwa mpaka mguu. Hili tunalisema kwa sauti kwa ajili ya wazazi waliokaa kule nyuma, maanake swali la nguo limetutesa. Tangu 2011 shirikisho la vyuma la dunia linaruhusu vazi la kubana lenye kufunika mikono na miguu chini ya ile nguo ya mashindano, marefa wakiweza kuona kiwiko kimenyooka inatosha, na aliyelipigania ni mwanamke Mwislamu wa Marekani, Kulsoom Abdullah. Vitara ndio kabisa, hakuna kinachoonekana hata uso. Ibtihaj Muhammad wa Marekani alivaa hijabu yake chini ya barakoa Rio 2016 na akarudi na shaba ya timu. Baba mmoja tulipomwonyesha picha alisema hii nguo ina stara kuliko ya kuogelea, tukasema hewala, mlete mtoto.

Madawa tuliahidi kuyasema. Tumewafundisha vijana wasinunue poda za jimu zisizojulikana, na tumewaambia pia kuhusu miraa, ambayo ina kitu cha kusisimua mwili kiitwacho kathini, na kathini imo kwenye orodha ya marufuku siku ya mashindano ikizidi kiwango kwenye mkojo. Hapo mama palikuwa na manung'uniko chumbani, tena si kidogo.

Basi maombi yetu. La kwanza na ndilo kubwa ni nauli, ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala pa wasichana pamoja na mama mmoja wa kuwasindikiza, bila hilo wazazi hawatoi ruhusa na wana haki. Pili chuma kimoja halali, hatuombi viwili, kile cha kilo 15 tunakitanguliza maanake wavulana nao wanaweza kukitumia na wasichana hawawezi kusubiri zaidi, pamoja na sahani za mpira ili jirani wetu anywe chai. Barakoa zikipatikana nne zaidi tutafurahi. Na barua ya kaunti, hii haina gharama ila muhuri, ya kututambulisha kwa mashirikisho, kwa sababu kuna mahali tulipiga simu tukaulizwa nyinyi ni nani na hatukuwa na karatasi ya kujibu. Dakar 2026 ndiyo mara ya kwanza Olimpiki ya vijana kuletwa Afrika, vitara vimo kwenye mashindano na vyuma havimo, wakati michezo ya Jumuiya ya Madola ni kinyume chake, vyuma vipo na vitara viliachwa tangu 1970, kwa hivyo mama ukisikia tunagombana juu ya nani apewe nauli kwanza usishangae, tunaomba tu isifike hapo.

Orodha ya majina na nambari za wazazi anayo katibu, atakukabidhi kabla hujaondoka. Sasa hivi vijana watakuonyesha kidogo, anaanza yule wa kilo 55, na kama mashindanoni ataitwa jina na kupewa dakika moja tu kwenye saa, kwa hivyo tunaomba simu zinyamaze, watoto warudi nyuma ya kamba, na mwenye kusimamia sufuria asifunue bado.

Ahsante sana mgeni rasmi.

Ni sisi, vijana wa vyuma na vitara, Lamu.