Wavuvi wa mshipi tusinunue mwavuli kwa upana wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu wanaovua kwa mshipi kutoka ufukweni na magatini, kuanzia Lindi hadi Msimbati, na pia na wafanyabiashara wanaotuuzia miavuli. Kusi ikishika, fukwe zetu hujaa mifupa ya miavuli: mbavu zilizopinduka, nguzo zilizokatika shingoni, vitambaa vilivyonasa kwenye mikoko. Lawama zote hupewa upepo na bidhaa mbovu. Bidhaa mbovu zipo, lakini miavuli mingi huponzwa na mambo mawili: imenunuliwa kwa kutazama upana, na imechomekwa kwenye mchanga kama vile ni udongo wa shamba la korosho.

Kwanza vipimo. Mwavuli wa kupumzikia ufukweni hutajwa kwa upana wake, ukingo hadi ukingo. Ule uliotengenezwa kwa ajili ya wavuvi kwa kawaida hutajwa kwa urefu wa ubavu mmoja, kutoka kileleni hadi ukingoni, tena kwa inchi. Wa inchi 50 basi una ubavu wa mita 1.27, na kwa kuwa mbavu hujikunja ukifunguliwa, kivuli chake ni mita 2 na ushei. Muuzaji akikwambia "huu wa inchi 50", muulize inchi 50 kutoka wapi hadi wapi, kisha upime kwa futi kamba. Mtu mmoja na ndoo yake ya chambo wanatoshwa na ubavu wa inchi 45. Wawili wachukue wa 50. Wa inchi 60 uachwe kwa watu wa mabwawa ya bara. Kwenye upepo wa bahari huo ni tanga.

Neno tanga silisemi kwa kutia chumvi. Mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake huzidi mara nne. Mwavuli wenye upana wa mita 2 ukipokea uso kwa uso upepo wa kilomita 20 kwa saa husukumwa kwa nguvu ya kama kilo 7 au 8. Upepo ukifika kilomita 40 kwa saa, kiwango ambacho Mamlaka ya Hali ya Hewa hukitaja mara kwa mara katika tahadhari zake za pwani, nguvu hiyo inakaribia kilo 30. Siku tahadhari hiyo imetolewa, mwavuli ubaki nyumbani.

Ukiwa dukani, shika ubavu mmoja karibu na ncha, ukunje taratibu kama unavyojaribu ufito, kisha uachie. Wa faiba hurudi ulipokuwa. Wa chuma chembamba hubaki na kigongo, na hapo penye kigongo ndipo utakapokatikia. Tazama chini ya kofia, mbavu zote zinapokutana: pakiwa pa plastiki nyepesi, rudisha. Chunguza pia ribiti. Alumini iliyobanwa kwa ribiti za chuma huliwa na chumvi pale pale zinapogusana. Hutoka unga mweupe, tundu linapanuka, ubavu unaanza kucheza. Shingo ya kulazia mwavuli iwe na meno ya chuma na skrubu ya kukaza kwa mkono, kwa sababu kifundo cha plastiki ndicho cha kwanza kuachia. Kitambaa cha poliesta kinafaa kuliko cha nailoni, maana nailoni ikilowa hulegea na kutengeneza kibwawa juu ya kichwa chako, na jua huichosha mapema. Inua kitambaa juani ukitazame kwa chini; ukiliona umbo la jua, hicho hakitakufaa saa sita mchana.

Sasa mchanga, ambako ndiko miavuli inakofia. Mchanga mkavu haushiki kitu kwa kuwa punje zake hazigandani, na kigingi cha sentimita 20 kinachouzwa pamoja na mwavuli hung'oka kwa vidole viwili. Mchanga uliojaa maji nao unadanganya: unaonekana mgumu, lakini nguzo ikitikiswa na upepo maji hupanda pembeni yake na shimo hulegea lenyewe. Unaotakiwa ni mchanga wenye unyevu, ule ukiufinya kiganjani unabaki umeshikamana. Mara nyingi uko chini ya tabaka kavu, kwa hiyo fukua tabaka hilo kwanza, ndipo uanze kuhesabu kina.

Nguzo izame sentimita 50. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea mguu: bomba la chuma la sentimita 70 linaloipokea nguzo bila kucheza, lenye ncha chini, na mabawa mawili ya bati nene, upana wa vidole vinne, yaliyochomelewa ubavuni. Mabawa hayo yakiwa yamezama ndiyo yanayozuia mguu usilale. Usiupige nyundo. Mimina maji kidogo huku ukiuzungusha kulia na kushoto, utashuka, kisha acha maji yanyonywe kabla ya kutia nguzo.

Mguu peke yake hautoshi; unahitaji kamba nne, na kila kamba iwe na kiroba chake. Kiroba cha unga cha kilo 5 kikijazwa mchanga huzidi kilo 10, na kikizikwa hushika kuliko uzito wake kwa sababu kinabebeshwa pia mchanga ulio juu yake. Chimba kina cha mkono hadi kiwiko, kiroba kilale, kamba itoke kwa kijifereji chembamba kuelekea mwavulini. Ule ukuta wa shimo unaotazama mwavuli usiuguse kabisa, maana mchanga ambao haujachimbwa ndio unaokizuia kiroba kisivutike. Wengi hukosea hapo: wanachimba shimo pana kama la kuchimia viazi, wanafukia, halafu wanashangaa kamba imelegea baada ya nusu saa. Fukia, kanyaga, mwagia maji, kanyaga tena. Kama kamba imefungwa kwenye kimo cha mita moja na nusu, kiroba kiwe mita mbili kutoka kwenye nguzo. Kikikaa karibu zaidi, kamba husimama mno na kukivuta kiroba juu. Ukiondoka, fukua viroba vyako uondoke navyo. Na tafadhali tusikate mikoko kutafuta vigingi, kwani mazalia ya samaki tunaowafuata yamo humo humo.

Mgongo wa mwavuli uelekee upepo unakotoka, na ukingo wa chini uguse mchanga. Pengo la kiganja kimoja latosha upepo kupenya na kuunyanyua wote. Kusi hutoka kusini-mashariki, lakini miezi ya Juni na Julai jua letu la mchana liko upande wa kaskazini, yaani linaingia pale pale ulipoacha wazi. Tundika kanga au kipande cha turubai upande huo wa kaskazini, kifungwe juu tu, chini kiachwe huru ili kikipigwa na upepo kipepee bila kuvuta mbavu. Wakati wa kaskazi geuza mgongo kaskazini-mashariki. Jua la mchana la Desemba linakuwa karibu utosini, hivyo taabu inabaki kwa jua la alasiri tu. Kwenye fukwe zinazotazama mashariki kama za Msimbati, kuukinga upepo wa kusi kunakuzibia sehemu ya bahari. Kaa kwenye ukingo wa kushoto wa mwavuli, mshipi upite nje ya kitambaa.

Anayerusha kwa mkono asirushe akiwa chini ya mwavuli. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, inapozungushwa hupiga ubavu, au ndoana inachana kitambaa. Mwavuli ukae pima mbili nyuma ya mahali pa kurushia. Ukisharusha, rudi kivulini na mshipi mkononi.

Usisimike chini ya mstari wa mwani mkavu, maana hapo ndipo maji yanapofika yakijaa. Siku za bamvua, yaani zile za maji kujaa na kupwa kupita kawaida, kwetu maji hujaa karibu saa kumi, jioni na alfajiri, na aliyefika saa nne asubuhi maji yamekupwa hujiona ana ufuo mzima. Kuhusu radi sina maneno mengi: ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, umeme uko ndani ya kilomita 10. Acha mwavuli ulipo, nenda kwenye jengo au ndani ya gari. Chini ya mnazi si pa kukimbilia.

Ukirudi nyumbani, suuza mbavu, shingo na kofia kwa maji baridi yasiyo na chumvi, uanike mwavuli ukiwa wazi kivulini hadi ukauke. Ukifungwa na unyevu, ukungu hula nyuzi za mshono kabla ya kitambaa. Mshono unaovuja hausubiri fundi cherehani: paka mshumaa mkavu kwa ndani na nje, kisha weka juani dakika chache nta iingie kwenye matundu ya sindano. Mshumaa huo huo ndio wa kupaka kwenye nguzo inayoteleza, kwa sababu mafuta na grisi hukusanya mchanga, na mchanga hukwangua.

Nimalizie kwa maombi mawili. Wauzaji waandike urefu wa ubavu kwenye kila mwavuli na wamruhusu mnunuzi aufungue palepale dukani. La pili ni kwa halmashauri zetu za Mtwara na Lindi. Juu ya zege hapazikwi kiroba, na wanaovulia kwenye kingo za magati hufungia miavuli kwenye vyuma vya ngazi, kamba zikawakwaza wapitao na matenga ya samaki. Kingo na ngazi zinapokarabatiwa, yaachwe ndani ya zege mabomba ya inchi 2 yaliyosimama, kina cha sentimita 40, kila baada ya mita tatu, mdomo ukiwa sawa na sakafu na wenye kifuniko. Yawe na njia ya kutolea maji chini. Bomba likizibwa chini, maji ya chumvi yatatuama humo, na nguzo yoyote ya chuma itakayoingizwa itaoza kuanzia kwenye mguu.

Mvuvi wa mshipi,
Mikindani, Mtwara