Barua ya wazi kwa Spika wa Bunge la Afrika Mashariki: tupangieni maneno ya wabunge kwa majina yao

Mheshimiwa Spika,

Salaam kutoka soko la Kilombero, hapa hapa Arusha, si mbali na ukumbi wako.

Nauza mahindi na maharage. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, lori tulilochangia mzigo na wenzangu watatu lilikuwa limeshafika Namanga. Tulilala pale siku mbili. Usiku mvua ilinyesha, na kulipokucha nilipenyeza mkono gunia moja baada ya jingine kupima unyevu. Punje zikigandana vidoleni, moyo unanienda mbio. Zuio liliondolewa baada ya siku chache, masharti ya vyeti yakabaki.

Tangu hapo nataka kujua: kati ya wabunge tisa wa Tanzania katika Bunge lako, nani huwa anasimama kutusemea? Binti yangu wa kidato cha tatu akapakua Taarifa Rasmi, yaani kumbukumbu za mijadala ya Bunge lako, tukachapisha kurasa kadhaa. Zimepangwa kwa siku za vikao, na zote ni Kiingereza. Yeye anatafsiri, mimi natafuta majina kwa kidole. Saa nne usiku ilitukuta hatujamaliza hata kikao kimoja.

Mbunge wa jimbo nitamkuta kwenye mkutano wa hadhara, na siku ya uchaguzi nitampa kura au nitamnyima. Hawa tisa wanachaguliwa na Bunge letu kule Dodoma, ndivyo Mkataba wa Jumuiya unavyosema, na sina ugomvi na hilo. Lakini kama kura sina, basi nipate maneno yao. Uingereza wana bunge la juu, House of Lords, ambalo wananchi hawalipigii kura. Hata hivyo kumbukumbu zake, Hansard, unaweza kuzifungua kwa jina la mjumbe ukasoma kila alichochangia.

Sikuombi hesabu ya mara ngapi mtu amezungumza. Mtu anaweza kusimama mara ishirini akapongeza na kushukuru tu. Mwingine akasimama mara moja, akauliza kwa nini gunia lililopimwa Arusha lipimwe tena mpakani, akawa ametusaidia kuliko wote. Tofauti hiyo huioni mpaka usome alichosema.

Ibara ya 137 ya Mkataba inataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Basi naomba kila mbunge awe na ukurasa wake: hoja alizotoa, maswali aliyouliza na majibu aliyopewa, pamoja na muhtasari wa Kiswahili ambao mama wa sokoni atausoma bila mkalimani. Muanze na kikao kijacho. Ya nyuma yatafuata taratibu.

Na nakala moja iletwe ofisi ya soko. Alfajiri, magari yakishusha mzigo, huwa tunakaa bure kama saa nzima. Tutaisoma.

Wako,
Mfanyabiashara wa nafaka,
Arusha