Mbona wanasiasa hawajiuzulu miezi 6 kabla ya kura?

Mhariri,

Habari mliyoichapa juzi, ya kuwakumbusha watumishi wa umma wanaotaka kuwania viti katika uchaguzi mkuu wa 2027 wawe wamejiuzulu kufikia Februari 10, 2027, imenitonesha kidonda. Nimelisoma gazeti hili miaka mingi bila kuliandikia. Leo naandika kwa sababu habari ile ilikomea pale ambapo uchungu wenyewe unaanzia.

Kweli, kifungu cha 43 cha Sheria ya Uchaguzi ya Kenya ya 2011 kinamtaka mtumishi wa umma aache kazi miezi 6 kabla ya kura. Lakini endeleeni kukisoma. Rais, naibu wake, wabunge, magavana, manaibu wao na wawakilishi wadi hawaguswi. Tena muhula wa Bunge unakwisha siku ya uchaguzi yenyewe, kwa hiyo mbunge anaingia kituoni kujipigia kura akiwa bado analipwa.

Mimi nilikuwa muuguzi miaka 14 katika zahanati moja huku Pwani. Februari 2022 nilijiuzulu niwanie kiti cha wadi yetu. Mshahara ukakoma, bima ya matibabu ikafuata. Nilikuwa na mkopo wa chama cha akiba na mikopo, umebaki miezi 19 kwisha, na makato yaliposimama chama kikawageukia wadhamini wangu. Mmoja alikuwa dada wa usafi pale pale zahanati, mama wa watoto 4, ambaye mshahara wake haukufika robo ya ule niliouacha. Akaanza kukatwa Aprili. Hakunigombeza. Alinipigia simu akaniuliza, "Dada, hii itaisha lini?" nami sikuwa na la kumjibu. Miezi hiyo hiyo, mpinzani wangu aliyekuwa akitetea kiti alifika kwenye mikutano kwa gari la kaunti, dereva wa kaunti, mafuta ya kaunti, na mshahara wake ukiingia benki kila mwisho wa mwezi. Tunaambiwa sheria hii ni ya kuzuia mali ya umma isitumike kwenye kampeni. Nakubali kabisa izuiwe. Lakini mimi mali ya umma niliyokabidhiwa ilikuwa mizani ya kupimia watoto na friji ya chanjo! Mwenye gari aliachwa, mwenye mizani akafukuzwa. Alinishinda kwa kura 307. Nilipokwenda kuomba kazi yangu nikaambiwa nisubiri nafasi zitangazwe, na zilitangazwa baada ya miaka miwili.

Halafu kuna huo mshahara wenyewe. Mwaka 2013 Tume ya Mishahara na Marupurupu ilipowapa wabunge shilingi 532,500 kwa mwezi, walipigana nayo hadi wakapata ruzuku ya gari ya milioni 5. Mwaka 2017 sisi wauguzi tuligoma miezi 5, na wagonjwa wetu ndio walioumia. Mwaka 2024 mshahara wa mbunge ulikuwa upande kutoka 725,502 hadi 739,600, na kama vijana wasingejaa barabarani kuandamana ungepanda.

Bunge likirekebishe kifungu hicho kabla ya Februari. Muuguzi au mwalimu anayewania apewe likizo bila malipo, bima yake isikatwe, na mkopo wake usimame bila wadhamini kuguswa hadi matokeo yatangazwe. Hilo likishindikana, basi anayetetea kiti naye mshahara wake ukome Februari 10, na funguo za gari azikabidhi siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi jioni, mbele ya mashahidi. Mshahara wa miezi 6 wa mbunge mmoja ni shilingi 4,353,012. Uwekwe kando ufidie wadhamini kama yule dada.

Mimi bado namrudishia shilingi 2,000 kila mwezi.

Aliyekuwa muuguzi,
Pwani