Barua kwa mwanangu: hiyo meli ya Tallinn

Marahaba mwanangu. Meseji yako niliisoma juzi usiku nikashindwa kujibu. Eti unatoka Helsinki huko Finland na wenzako mnaenda Tallinn, nchi ya Estonia, siku mbili kuona mji wa kale na soko la Krismasi, halafu mwisho kabisa unachomekea "tunapanda meli mama, masaa mawili tu". Hiyo "tu" ndo imeninyima usingizi.

Ya mama yako mdogo sikurudishii, unajua kwa nini kila tarehe 21 Mei nafunga safari kwenda Igoma, kwenye makaburi ya wale waliozama na MV Bukoba. Ila nilimwambia mdogo wako anitafutie kwenye simu habari za meli za huko, na kumbe huo mji nao una msiba wake. Septemba 1994 meli inaitwa Estonia ilitoka hapo hapo Tallinn jioni kwenda Stockholm, usiku wa manane kuamkia tarehe 28 mawimbi yakang'oa ule mdomo wa mbele wanapoingilia magari, maji yakajaa chini kwenye magari, haikumaliza hata lisaa ikazama. Watu 852, na wengi walikuwa vyumbani wamelala. Sasa nakuomba, chumba usichukue hata wakikupa bure, masaa mawili unalala nini? Kaa juu karibu na mlango wa kutokea nje, na ukiingia tu uangalie maboya yanakaa wapi, kabla hujaanza kupiga picha.

Najua utasema mama meli za sasa sio zile, watu wa huku wanavuka kila siku kama nyie mnavyopanda daladala. Sawa, ni kilomita kama 80, nimeelewa. Lakini we kuogelea hujui. Wenzako wote uliokua nao hapa Bukoba wanapiga mbizi, we peke yako ndo hujui, na ile fimbo ya siku ile ufukweni niliishika mimi. Niliona nikikutenga na maji basi maji nayo yatakusahau. Huko chuoni kama kuna bwawa jifunze, hata kama ni kulipia tutajibana.

Mengine nimeyapenda, sikufichi. Hilo duka la dawa pale kwenye uwanja wa ukumbi wa mji, limeandikwa toka mwaka 1422 na mpaka leo linauza dawa, yani we nesi wangu ingia ulione kwa niaba yangu, majirani wote nimeshawasimulia kanisani. Barabara za mji wa kale ni mawe, yakishika barafu ni utelezi mtupu, kwa hiyo vaa buti, sio zile raba nyeupe ulizopiga nazo picha kwenye theluji nikanyamaza. Na Desemba huko saa kumi jioni ni giza, msitawanyike. Pasi na kile kikadi cha ukaazi tembea navyo mwilini, usiseme pesa ni euro zile zile na mpakani hawakagui.

Halafu kuna mnara mnene wa mawe pale unapotoka bandarini kuingia mji wa kale, wanauita Margareeta Mnene. Pembeni yake kuna upinde mkubwa wa chuma umekatika katikati, ndo kumbukumbu ya wale wa Estonia. Mdogo wako alinikuzia picha, ile sehemu iliyokatika inaninginia hewani haigusi chochote, nikaiangalia mpaka simu ikazima. Pita hapo mwanangu. Simama kidogo, uwaombee na umwombee na mama yako mdogo.

Huku senene wameanza, nimekukaangia kopo moja kubwa, nikipata mtu anayekuja huko nampa. Mdogo wako ada imebaki ya muhula mmoja. Ile pesa ya kwenda kutazamwa goti nilinunulia bati za jikoni, usinikasirikie, mvua ilikuwa inaingia mpaka kwenye sufuria. Goti lenyewe halisumbui sana.

Ukipanda nitumie meseji, na ukishuka piga kabisa nisikie sauti, kurudi vile vile. Sisi tuko mbele lisaa limoja, usije ukasema uliogopa kuniamsha. Simu nitaichaji toka jioni, na mdogo wako nimeshamkataza kuigusa siku hiyo.

Mama